Pumzi ya Phanuel

Siku mdomo wa Phanuel ulipokwenda upande, mkewe Kavetsa alicheka. Baadaye alikijutia sana kicheko hicho, lakini siku yenyewe alicheka mpaka akaitua chini sufuria ya uji. Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka wa 1974, katika chumba chao cha mabati kwenye ploti ya Mzee Kihara huko Kawangware. Phanuel alikuwa mlangoni akisukutua, na maji yakawa yanamtoka kwa pembe moja ya mdomo kama ndoo iliyotoboka. Akageuka kumtazama mkewe, nusu ya uso imeshangaa, nusu nyingine imetulia tu, haina habari. Kavetsa akadhani anafanyiwa mzaha, maana mumewe alikuwa bingwa wa mizaha.

"Wacha hiyo, Baba Minayo. Utaogopesha mtoto."

"Si mchezo," akajibu, na maneno yalitoka yamelegea. Akaenda kuchukua tarumbeta yake juu ya kabati, akaiweka mdomoni, akapuliza. Hewa ikatoka fyuu upande wa kushoto na tarumbeta haikulia. Hapo ndipo Kavetsa alipoacha kucheka.

Ili mtu aelewe uzito wa jambo hilo ni lazima ajue Phanuel alikuwa nani. Siku za kazi alikuwa mwashi, akijenga nyumba za matajiri huko Lavington. Siku ya Jumapili alikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza katika kanisa ambalo jina lake lilikuwa refu, halimaliziki kwa pumzi moja, kwa hiyo watu wa Kawangware waliliita Kanisa la Tarumbeta na mambo yakaishia hapo. Walivaa makoti mazito ya kijani yenye vifungo vya shaba. Walitembea barabarani wakipiga na kuimba, na sheria yao kubwa ilikuwa moja: mtu wa bendi haonji pombe. Haonji hata busaa ya harusi ya dada yake.

Kavetsa alimpendea sheria hiyo kabla hajampendea kitu kingine. Baba yake mzazi, kule Maragoli, alikuwa amekunywa chang'aa mpaka ng'ombe wakaisha zizini, kisha akawageukia watu wa nyumbani kwa fimbo. Msichana huyo alikua akijua kusoma hatua za mtu njiani: zikija zimenyooka unaendelea kupika, zikija zinayumba unachukua wadogo zako na kukimbilia kwenye migomba. Phanuel alipokuja kuposa, hatua zake zilikuwa zimenyooka kama ukuta aliojenga mwenyewe. Kavetsa akakubali siku hiyohiyo, na shangazi zake wakasema amekuwa mwepesi mno.

Basi mdomo ukaenda upande. Majirani walisema ni upepo, amelala karibu na ufa wa bati. Kwenye zahanati walisema mshipa wa fahamu wa uso umeshikwa, mara nyingi hupona wenyewe, asubiri. Jicho la kushoto lilikataa kufumba, na kila alipolala Kavetsa alilifunga kwa kitambaa chenye maji ili lisikauke. Siku zile alimpenda zaidi kuliko siku ya harusi. Baada ya miezi miwili uso ukarudi, tarumbeta ikalia, na kanisa zima likamshukuru Mungu kwa kelele zilizofika mtaa wa Kabiro. Kitu kimoja tu hakikurudi. Phanuel alilalamika kwamba upande mmoja wa ulimi wake haupati ladha, chakula ni kama karatasi. Kitu pekee alichokisikia vizuri kilikuwa peremende, zile nyeupe kali. Akawa hatoki nyumbani bila peremende mfukoni, moja shavuni na nyingine inangoja zamu.

Kavetsa alizizoea. Hata shati lake akilifua lilinukia peremende.

Miaka miwili ikapita. Jicho la kulia likapata ukungu kwa wiki kadhaa, kisha likapona. Halafu ikaja miguu, na miguu ndiyo iliyomponza. Asubuhi Phanuel alikwenda kazini mzima. Jua likikaa utosini, magoti yalilegea, ulimi ukawa mzito, akashika ukuta. Akikaa kivulini na kupoa, jioni anatembea vizuri tena. Sasa niambie wewe, ni ugonjwa gani unaofuata saa? Hakuna jirani aliyeujua. Lakini kila mtu Kawangware alijua kitu kingine kinachomwangusha mwanamume saa sita na kumwachilia saa kumi na mbili. Msimamizi wa mjengo alimwona akiyumba juu ya jukwaa la mbao, akamshusha na kumwambia asirudi kesho. Hakumuuliza hata swali moja.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kavetsa, akiwa kwenye meza yake ya mboga, alimwona mumewe akija njiani saa saba, na zile hatua zikamfikia masikioni kabla sura haijafika. Aliacha kufunga kunde za mteja. Alikuwa na umri wa miaka tisa tena, anatafuta migomba.

Mama mmoja jirani akamwongezea kuni motoni. "Unajua kwa nini wanakula peremende, Mama Minayo? Ni ya kuua harufu. Bwana yangu alikuwa anatafuna majani ya mwarobaini."

Tangu siku hiyo ikaanza desturi mbaya katika chumba kile. Phanuel akirudi, kabla hajavua kofia, Kavetsa humwendea mlangoni na kusema, "Nipumulie." Naye, mtu mzima, baba wa mtoto, huinama na kumpumulia mkewe puani kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Hakugomba hata mara moja. Mwanzoni alifanya mzaha, akapiga saluti na kuuliza, "Askari, nimepita?" Baadaye mizaha ikaisha, akawa anapumua tu na kungoja. Kila siku ilikuwa peremende, peremende, peremende. Kavetsa alinusa akitafuta kitu kilicho nyuma ya harufu ile. Hakukipata, na kwa sababu hakukipata hakutulia.

Januari ya mwaka 1978 bendi ilitembea mpaka Kibera kuhubiri hadharani. Walitoka Kawangware saa nne, wakapita Kabiro, wakavuka barabara ya Ngong, na walipoteremka mtaa wa Kianda huko Kibera jua lilikuwa linachoma bila huruma. Phanuel alikuwa mstari wa mbele ndani ya koti lake la sufu lililofungwa mpaka shingoni. Naftaly, kiongozi wa bendi na rafiki yake wa tangu ujana, alimwona akianza kwenda mrama, akamnong'oneza apumzike. Phanuel akatikisa kichwa. Akapiga noti mbili zaidi, kisha magoti yakakatika na akaanguka na tarumbeta yake.

Na Mungu, ambaye sitaki kumlaumu lakini siku hiyo nashindwa, alimwacha aangukie mlangoni pa mama pima. Kila mtu Kianda aliijua nyumba ile ya chang'aa. Mama mwenyewe, mwanamke mwenye moyo mzuri kuliko wengi waliokuwa na makoti, alitoka mbio na kikombe, akamwinua kichwa na kumnywesha. Ndani ya kikombe kulikuwa na maji. Lakini waumini waliokuwa nyuma ya msafara walichokiona ni mpiga tarumbeta wao wa kwanza amelala kwenye mikono ya mama pima, kikombe chake mdomoni. Habari ilifika Kawangware kabla ya bendi. Waliosema lisemwalo lipo hawakumjua Phanuel.

Kanisa lile lilikuwa na utaratibu wake wa kesi za pombe. Baraza la wazee hukaa Jumamosi. Mshtakiwa husema yake, kisha anatolewa nje. Mashahidi wakimaliza, anaitwa mke, naye hasemi kitu. Anaulizwa swali moja tu: je, unaweza kuapa kwamba mume wako hanywi? Akiinua mkono wa kulia, kesi imekufa papo hapo, hata kama mashahidi ni mia, kwa maana nani anaijua pumzi ya mwanamume kuliko mkewe? Asipouinua, koti linarudi kanisani. Uzito huo wa mkono waliujua wazee tu; waumini wengine, Phanuel akiwemo, walidhani ni kura moja kati ya nyingi.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Mzee Kihara, mwenye ploti. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Phanuel, na ukuta wa choo cha ploti alikuwa amejengewa naye. "Mama Minayo," akasema, "mimi sina maneno mingi. Hiyo mkono ikiinuka, sisi tunaenda nyumbani kunywa chai."

Kavetsa aliutazama mkono wake mapajani. Alitaka kuuinua, nataka jambo hilo lieleweke. Lakini alilelewa kwamba kuapa ni kwa mtu anayejua, na yeye alikuwa hajui. Alijua peremende. Alijua hatua. Alimwona baba yake akija kwenye kijia, akamwona Phanuel akija kwenye kijia, na hakuweza kuwatenganisha. Angekuwa mwongo angeuinua upesi na maisha yangeendelea. Kosa lake ni kwamba alikuwa mkweli, na mkono ukabaki mapajani, mzito, mpaka Mzee Kihara akakohoa na kufunga kitabu.

Nje, Phanuel alikuwa amesimama kwenye kivuli cha kanisa, koti limekunjwa vizuri mkononi, kwani alikuwa amekwisha kusomewa uamuzi: baraza limeona, baraza limeamua. Hakuambiwa zaidi. Alimpa Naftaly koti na tarumbeta, kisha akamgeukia mkewe, macho yamejaa machozi.

"Asante, Mama Minayo. Hata wakinikataa wote, najua wewe uliniinulia mkono."

Hapo ndipo Kavetsa alipopaswa kusema. Kinywa chake kilifunguka. Kilichotoka ni, "Twende nyumbani, jua ni kali."

Kwa miaka mitatu aliilipia sentensi hiyo. Phanuel aliwaambia wote waliokuja kumpa pole: mke wangu peke yake aliniinulia mkono. Alimwambia Minayo. Aliisema katika sala kabla ya kula, akimshukuru Mungu kwa mke aliyesimama naye, na Kavetsa akasema amina na kuendelea kumega ugali. Desturi ya kumpumulia aliikomesha tangu jioni ya siku ile. Phanuel alidhani ni kwa sababu anamwamini.

Miguu ikaendelea kufa. Kwanza fimbo, kisha fimbo mbili, kisha kitanda. Mkojo ukawa haungoji tena, na mwanamume aliyekuwa nadhifu kuliko wote katika ploti akawa analia kimya akibadilishiwa shuka. Mwaka wa 1981 mdomo ulikwenda upande kwa mara ya pili, safari hii wa kulia. Kavetsa hakucheka. Alikodi mkokoteni mpaka barabarani, akampeleka hospitali kubwa, na huko wakamlaza.

Daktari aliyewashughulikia aliitwa Ndungu, kijana mwenye miwani na subira ya ajabu. Walikuwa wamemtoa Phanuel maji ya uti wa mgongo na kuyapima. Akamketisha Kavetsa kwenye kiti na kumuuliza maswali yanayorudi nyuma.

"Kabla ya miguu, kulikuwa na nini?"

"Jicho. Lakini ilipona."

"Na kabla ya jicho?"

"Hakuna." Akafikiri. "Ni mdomo tu. Ilienda upande Pasaka ya sabini na nne. Lakini hiyo ilikuwa upepo, daktari. Hata hiyo ilipona."

Daktari akaweka kalamu chini. Kisha akaeleza, polepole, kwa Kiswahili alichokuwa akikitafuta neno baada ya neno. Ugonjwa huu unaitwa maltipo sklerosisi. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za stima, ina ngozi yake juu, na mwili wa Phanuel unaila ngozi hiyo, hapa na pale, unaacha, unarudi. Ndiyo maana kila kitu kilikuwa kinapona na kuja tena. Jua na joto huzidisha, baridi hupunguza. "Sisi tulifundishwa ni ugonjwa ya Wazungu, ya nchi baridi," akasema. "Na mara nyingi haianzi na uso. Hiyo ndiyo ilidanganya watu. Ile mdomo ya kwanza ilikuwa ndiyo huu ugonjwa, mama. Ilikuwa inabisha hodi."

Daktari akatazama karatasi zake.

"Huo mshipa wa uso pia hubeba ladha. Hakukuambia ulimi umekufa ganzi? Hakupenda kitu kali kali mdomoni?"

"Peremende," Kavetsa akasema. Sauti yake haikuwa yake. "Daktari, pombe inaingia wapi hapo?"

"Pombe?" Daktari akashangaa. "Pombe haiingii popote, mama."

Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za hospitali, akajifunika leso kichwani, akalia mbele za wapita njia bila aibu. Hakulilia ugonjwa, maana ugonjwa alikuwa ameuzoea. Alikuwa anazililia zile jioni zote za mlangoni. Ukweli ulikuwa umeinama mbele yake na kumpumulia usoni kila siku, na yeye akaendelea kunusa akitafuta uongo.

Dawa za kumponya hazikuwepo. Daktari alisema ampeleke nyumbani, mwili umechoka, haitachukua muda mrefu. Phanuel alipoulizwa anataka nini alijibu jambo moja, kwa ule mdomo uliopinda: azikwe na koti lake. "Sitaki kwenda kwa Mungu kama mlevi," akasema. "Lakini usihangaike. Wewe ulishafanya yako."

Kavetsa akaenda kwa Mzee Kihara, akamweleza yote ya daktari. Mzee alisikiliza akishika kidevu. Alikuwa amezeeka, na alionekana kuumia kwelikweli. Lakini sheria ilikuwa sheria: kesi iliyofungwa na mkono wa mke haifunguliwi na karatasi ya daktari. Hufunguliwa na mkono uleule, mbele ya kanisa zima, na mwenye mkono huo aseme kwa nini haukuinuka mara ya kwanza.

Kavetsa alipanga kumwambia Phanuel Jumamosi. Alimwosha, akamlisha uji kwa kijiko, akakaa kitandani na kuanza, "Baba Minayo, ile siku ya baraza..." Phanuel akamgusa mkono kwa vidole vilivyobaki na nguvu. "Ile siku naikumbuka kila siku," akasema, akatabasamu kwa nusu ya uso. Kavetsa akainuka kwenda kuosha bakuli lililokuwa safi. Alijiambia kwamba Phanuel hatoki kitandani, kanisa liko mbali, na labda atakufa bila kujua. Mungu amsamehe, alilitumainia hilo.

Jumapili alisimama mbele ya watu wote. Alisema habari za baba yake, za peremende, za kupumuliwa mlangoni, za kikombe cha maji, za mkono uliobaki mapajani. Akauinua. Uliinuka hadi juu kabisa, na hakuushusha mpaka Naftaly alipomwendea na kuushusha yeye mwenyewe.

Hakujua wangekuja siku hiyohiyo. Saa tisa alasiri bendi nzima iliingia kwenye ploti, makoti ya kijani, vifungo vinang'aa, watoto wa Kawangware wanafuata nyuma. Walipiga wimbo mmoja uani, mlango ukiwa wazi. Kisha Naftaly akaingia na lile koti mikononi, akapiga magoti kando ya kitanda, akilia kama mtoto, na kwa moyo wake mweupe akasema, "Ndugu yangu, tusamehe. Leo mama ameinua ule mkono alishindwa kuinua siku ile."

Phanuel alimtazama Naftaly. Kisha akamtazama Kavetsa, aliyekuwa amesimama karibu na kabati na tarumbeta aliyopewa kuishika. Naftaly alielewa alichokifanya, akashika mdomo wake. Wakatandika koti juu ya blanketi, wakaaga, wakaondoka mmoja mmoja bila kupiga wimbo wa pili.

Siku mbili Phanuel hakuzungumza. Alikunywa uji alipopewa, alifumba jicho moja alipolala, na Kavetsa alilifunga lile jingine kwa kitambaa kama zamani. Hakuthubutu kuomba msamaha. Angeanzia wapi? Siku ya tatu, jioni, saa ile ile aliyokuwa akirudi kutoka mjengoni, alipokuwa anamgeuza ubavu alisikia akiitwa.

"Kavetsa." Hakumwita Mama Minayo. "Leta pua."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. "Hapana, Baba Minayo. Hapana, tafadhali."

"Leta."

Akainama. Phanuel alivuta hewa kwa shida, kifua kikapanda kidogo, akaipeleka kwenye ule upande wa mdomo uliobaki mzima, na akampumulia. Ilikuwa pumzi ndogo, isiyoweza kuzima kibiriti, pumzi ya mtu aliyejaza barabara yote ya Kianda kwa tarumbeta.

"Unasikia nini?"

Peremende zilikuwa zimeacha kununuliwa tangu mwaka uliopita. Kavetsa alinusa kwa muda mrefu, machozi yakimdondokea Phanuel shingoni na kwenye ukosi wa koti la kijani.

"Sisikii kitu," akasema. "Hakuna kitu."

"Basi," Phanuel akasema. Akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Alikufa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Walimzika Maragoli na koti lake, vifungo vimefungwa mpaka shingoni, na Naftaly akapiga tarumbeta. Kavetsa alirudi Kawangware kwenye meza yake ya mboga. Mpaka leo, jioni zikifika, humwona mtu akija njiani akiyumba, na huacha kazi yake, akamkimbilia na maji.